CTC kwa siri, bima kwa jina: ninayoyaona dirishani

Mimi ni mfamasia, niko Moshi, na maisha yangu yote ya kazi nimekaa nyuma ya dirisha la dawa. Miaka ya kwanza nilikuwa upande wa CTC, yaani kliniki ya wenye virusi vya UKIMWI, sasa hivi niko upande wa wagonjwa wa nje ambako wengi wanakuja na bima. Watu wakishajua nimekaa pande zote mbili wananiuliza maswali mawili. La kwanza wanaliuliza kwa sauti: kama ARV, dawa za kufubaza virusi, ni bure, mwenye virusi anahangaika na bima ya nini? La pili linaulizwa taratibu, mara nyingi usiku kwa meseji: nikitumia bima, kazini watajua?

Nianze na mama mmoja, mambo ya kumtambulisha nimeyabadilisha. Miaka hamsini na kitu, mtumishi wa serikali, NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, anakatwa kwenye mshahara kila mwezi kama watumishi wengine, asilimia 3 yake na asilimia 3 ya mwajiri. Alikuja asubuhi na fomu ya bima, imeandikwa dawa ya presha, na metformini ya sukari miligramu 1000 asubuhi, 1000 jioni. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, halafu akainama dirishani akaniambia hii ya sukari nipunguzie basi, mwezi uliopita imeniharisha mpaka nikawa naogopa kupanda daladala ya Kiboriloni. Nikamuuliza, mama kuna dawa nyingine yoyote unatumia, hata ya mitishamba? Akageuka akaangalia foleni, akasema hapana. Akavuta mkoba atafute miwani, mkoba ukalia. Cha-cha-cha. Aliyewahi kufanya kazi CTC hiyo sauti anaijua, ni kopo la vidonge ambalo mwenyewe hajaweka pamba ya kuzima sauti bado.

Sikusema kitu pale, nikamwomba aingie chumba cha ushauri ndani, tukafunga mlango. Kumbe anatumia dawa toka 2011 na kliniki yake iko Arusha, kilomita kama 80, kwa sababu hapa Moshi anajulikana mno, kanisani anajulikana, vikoba anajulikana, na mapokezi ya hospitali iliyo karibu na kwake anakaa binti wa jirani. Dawa zenyewe ni TLD, yaani tenofovir, lamivudini na dolutegravir kwenye kidonge kimoja, ambacho ndicho wengi wanachotumia siku hizi.

Sasa hapo ndipo penye shida, na nieleze vizuri maana hata wahudumu wengine wanalisahau hili. Metformini mwili hauivunji, inatoka nzima nzima kupitia figo. Dolutegravir inabana njia ambayo metformini inatolewa nayo, kwa hiyo metformini inabaki kwenye damu nyingi kuliko daktari alivyokusudia. Ndio maana mtu wa TLD kwa kawaida hazidishwi miligramu 1000 za metformini kwa siku nzima, na huyu mama alikuwa anameza 2000. Kuharisha na kichefuchefu hapo ni kawaida, na kama figo zimechoka inaweza kuwa hatari zaidi ya kuharisha. Dolutegravir hiyo hiyo inaweza pia kupandisha kidogo kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, kwenye kipimo cha damu wakati figo ni nzima kabisa, basi daktari asiyejua unatumia nini anaanza kukutafutia ugonjwa wa figo, na wewe unaenda nyumbani umeshajizika.

Daktari aliyemwandikia hakukosea. Hakuambiwa. Na mama hakumwambia kwa sababu alichofikiria ni ile fomu ya bima, isije ikafika kazini.

Tuje kwenye hela basi. Upande wa CTC hulipi: ARV zimekuwa bure toka 2004, kipimo cha wingi wa virusi bure, na fedha nyingi za dawa hizo zimekuwa zikitoka mfuko wa kimataifa wa Global Fund na PEPFAR, mpango wa UKIMWI wa Marekani. Dozi unapewa ya miezi mitatu au sita kama uko vizuri. Kwa hiyo bima hapo haina kazi. Kazi yake inaanza unapotoka nje ya lile lango. Aliyeanza dawa 2006 akiwa na miaka 35 sasa hivi ana zaidi ya 50, virusi vimelala havionekani hata kwenye kipimo, ila ana presha, ana sukari, goti linauma, anataka utrasaundi, anataka kulazwa siku tatu. Hivyo vyote ni hela. Nimeona watu waliovuka miaka kumi na tano na virusi bila kuyumba halafu wakapata kiharusi kwa sababu dawa za presha walikuwa wananunua wakipata hela, wakikosa wanaacha. Mwenye bima hilo halimpati kirahisi, ndio jibu langu la swali la kwanza.

Swali la pili, la kazini. Mwajiri anapeleka michango, hapelekewi fomu ya matibabu yako. Fomu inatoka hospitali inaenda kwenye mfuko kudai malipo. Ndani yake kweli kuna ugonjwa umeandikwa kwa namba za kimataifa, za virusi zinaanzia B20 mpaka B24, na ndiyo inayowatisha watu waliowahi kuigoogle. Lakini Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya majibu yako na inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya virusi, na meneja wako wa rasilimali watu hana dirisha lolote la kuchungulia huko.

Ila nisiwadanganye, siri inavuja, tena inavuja karibu sana. Kituo kimoja nilichopita zamani, karani wa bima alikuwa anakagua fomu kabla hazijapita, siku moja akainyanyua moja juu akanipigia kelele kutoka upande wa pili wa ukumbi, "We dokta, B20 ndiyo nini hii, mbona sijaielewa?" Mwenye fomu alikuwa amesimama mbele yake, kijana mdogo tu. Pengine hakuna aliyeelewa pale ukumbini, lakini yeye alielewa, na sikumwona tena. Sheria ilikuwepo siku hiyo, ilikuwa na miaka yake kadhaa tu kabatini.

Ukitoka kwa watumishi unakuta wa CHF iliyoboreshwa, bima ya jamii ambayo ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, wengi wakina mama wa ndizi na wazee wa huko juu migombani. Ulikuwa msaada mkubwa kwa hela hiyo. Tatizo ninaloliona ni kwamba ni ya kaya, na kaya ina baba, na mama ambaye hajamwambia baba hajui ataanzaje kusisitiza wakate kadi mwaka huu wakati "hapa ndani hakuna anayeumwa".

Januari 2025 Marekani waliposimamisha misaada, wiki ile dirishani kwangu kulikuwa na swali moja tu: ARV zitaingizwa kwenye bima? Na kwa kuwa sheria ya bima ya afya kwa wote ilishapita 2023, wengine wakaunganisha wenyewe. Mimi nina mawazo mawili hapo na bado yanagombana. Dawa zikihamia kwenye bima, faili litakuwa moja na yule mama asingeandikiwa 2000. Lakini karani wa B20 naye ataziona zote, kila mwezi, na jina kamili juu. Afadhali kwanza tujenge vyumba vyenye milango.

Kwa sasa nawaambia hivi: daktari wa bima huna haja ya kumsimulia historia yako, mwambie tu jina la dawa. "Natumia TLD" inatosha, anayejua atajua afanye nini. Na ukiandikiwa vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu au vile vya kutafuna vya kiungulia, TLD imeze masaa mawili kabla yake au masaa sita baada yake, maana vikikutana tumboni dawa haiingii mwilini vizuri.

Yule mama alirudi mwezi uliofuata. Akasukuma fomu dirishani, na chini ya fomu kikaratasi kimekunjwa mara nne, nikakikunjua, herufi tatu kwa peni nyekundu: TLD. Akaniambia, "Nilimpa daktari hivyo hivyo mwanangu, sikufungua mdomo, akasoma akanirudishia." Nikaangalia fomu. Metformini 500, asubuhi na jioni. Akakichukua kikaratasi chake, akakikunja tena, akakirudisha kwenye pochi, na mkoba safari hii haukulia.