Maabara ya takwimu ni nini?

Ukisikia neno maabara, unafikiria chupa, darubini na makoti meupe. Maabara ya takwimu haina hata kimoja kati ya hivyo. Ni chumba chenye meza, viti na kompyuta ndani ya idara ya takwimu ya chuo kikuu, na wanaoingia humo mara nyingi si watu wa takwimu. Anaingia bwana shamba, ofisa wa halmashauri, mwanafunzi wa uuguzi, kiongozi wa kikundi cha wakulima. Kila mmoja ana swali lake, na walimu pamoja na wanafunzi wa idara hukaa naye kutafuta data gani zitalijibu na zikusanywe vipi. Kwa idara ya takwimu, huo ndio mlango mkubwa wa kutokea kwenda kwa jamii.

Wengi hudhani kazi ya maabara ni kupiga hesabu. Mtu anakuja na madodoso 300 yaliyokwisha kujazwa, anayaweka mezani na kusema: "Nifanyieni uchambuzi." Hapo ameshachelewa. Mwaka 1938 mtakwimu Mwingereza Ronald Fisher aliwaambia wenzake nchini India kwamba kumwita mtaalamu wa takwimu baada ya jaribio kwisha ni kama kumwita apasue maiti: pengine atakachoweza kusema ni jaribio lilikufa kwa ugonjwa gani. Naamini neno hilo lingebandikwa kwenye mlango wa kila maabara ya takwimu, kwa sababu nimeona jasho la watu likipotea hivyo, na data zilizokusanywa vibaya haziponi kwa programu yoyote ya kompyuta.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijiji kina wakulima 30 wa mahindi. Kumi na wawili kati yao wameanza kupanda mbegu moja kwa shimo na kusogeza mashimo karibu karibu; waliobaki wanapanda mbili kwa shimo kama zamani. Baada ya mavuno, wale 12 wamepata zaidi. Je, ni kwa sababu ya upandaji mpya?

Mtu wa maabara hajibu haraka. Anauliza: hao 12 ni akina nani? Inaonekana ndio wenye ng'ombe wa plau, kwa hiyo walilima mapema na mvua za kwanza ziliwakuta wameshapanda. Sasa hakuna anayeweza kujua kilichozaa mahindi ni upandaji au ni plau. Vitu viwili vimefungwa kamba moja.

Msimu unaofuata anawashauri hivi: kila mkulima agawe shamba lake nusu kwa nusu, upande mmoja apande kwa njia mpya, wa pili kwa njia ya zamani, siku ileile, mbegu ileile. Na upande gani upate njia ipi, iamue sarafu. Sarafu hii huwashangaza wengi, lakini ndiyo moyo wa jambo. Mkulima akiachiwa achague, njia anayoipenda ataipa upande wenye rutuba, tena bila hila yoyote. Sarafu haimpendelei mtu. Watakwimu huita kugawa huku kugawa kwa nasibu, nasibu ileile ya bahati nasibu. Na kwa kuwa kila mkulima analinganishwa na yeye mwenyewe, plau, udongo na bidii yake havivurugi tena jibu.

Historia ya mahusiano haya ya maabara na jamii inanigusa kwa jambo moja: jamii nayo imekuwa mwalimu. Mwaka 1924, katika chuo cha Iowa State huko Marekani, aliyewafundisha watu wa chuo hicho kutumia takwimu na mashine za hesabu siku za Jumamosi alikuwa Henry Wallace, mhariri wa gazeti la wakulima na mtafiti wa mbegu za mahindi, ambaye baadaye alikuja kuwa Makamu wa Rais wa nchi hiyo. Mwaka uliofuata, yeye na mwalimu wa hisabati George Snedecor walitoa kijitabu cha mafunzo hayo. Mwaka 1933 Snedecor akawa mkuu wa Maabara ya Takwimu ya chuo hicho, mojawapo ya za mwanzo kabisa. Kwa hiyo mizizi yake iko kwa watu wa mahindi.

Namna nyingine zimezaliwa tangu hapo. Katika chuo kikuu cha Purdue, hukohuko Marekani, wanafunzi wa shahada za juu walianzisha mwaka 2001 huduma ya kujitolea ya kuyasaidia bure mashirika yasiyo ya faida na taasisi za serikali. LISA 2020, mtandao wa kimataifa wa maabara za takwimu, ulijiwekea lengo la maabara 20 katika nchi zinazoendelea kufikia mwaka huo, na kwetu umefika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Turudi kijijini kwetu pa mfano. Mavuno yamefika na mwanafunzi wa takwimu ameshika daftari, anaandika magunia: nane, saba na nusu, tisa. Mama mmoja anamsimamisha. Gunia la huyu ni la kawaida, anamwambia, na la yule ni lumbesa, limejazwa likafungwa kilemba juu. Ukiandika yote "gunia moja" umeandika nini? Darasani hakufundishwa hilo. Anafuta ukurasa, anaomba mizani ya kijiji iletwe, na wanaanza kupima upya kwa kilo, nusu shamba kwa nusu shamba.