Hahnemann na wafuasi wake: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila tarehe 10 Aprili wafuasi wa homeopathi, tiba inayotumia dawa zilizozimuliwa mno za vitu vinavyoleta dalili kama za ugonjwa wenyewe, huadhimisha siku aliyozaliwa muasisi wao, Samuel Hahnemann, daktari wa Kijerumani aliyezaliwa Meissen mwaka 1755 na kufariki Paris mwaka 1843. Mengi yanayosemwa juu yake, kwa kumsifu na kwa kumkejeli, hayapatani na maandishi yake mwenyewe.

Lililoenea zaidi huku kwetu ni kwamba homeopathi ni dawa za mitishamba kwa jina la kizungu, labda kwa sababu zote mbili huwekwa katika fungu la tiba mbadala. Ukweli ni kwamba Hahnemann alitumia pia zebaki, aseniki na gamba la chaza, na hata pale dawa inapotokana na mmea, linalotofautisha ni jinsi inavyotengenezwa. Tone moja hutiwa katika matone 99 ya spiriti, kichupa kikatikiswa kwa kukigonga juu ya kitu kigumu kinachodunda kidogo (yeye alipendekeza kitabu chenye jalada la ngozi), kisha tone moja la mchanganyiko huo likatiwa katika matone mengine 99, na hivyo hivyo hadi mara 30. Kufikia mara ya 13 ni bahati kukuta hata molekuli moja ya dawa ya awali. Anayekunywa maji ya mwarobaini anakunywa mwarobaini kweli, uchungu wote. Anayemeza kidonge cha sukari kilicholoweshwa kwa mchanganyiko wa namna hii anameza sukari tu.

Wafuasi wengi hushikilia kwamba kwinini ndiyo iliyothibitisha kanuni yake ya kutibu ugonjwa kwa kitu kinacholeta dalili zinazofanana nao. Mwaka 1790, alipokuwa akitafsiri kitabu cha daktari wa Uskochi, William Cullen, Hahnemann hakuridhishwa na maelezo ya jinsi gome la mti wa kwinini linavyoponya homa, akaamua kulijaribu mwilini mwake akiwa mzima. Miguu na ncha za vidole vikawa baridi, usingizi ukamlemea, moyo ukaenda mbio, naye akaona dalili hizo ni zile zile za homa ya vipindi, yaani malaria. Lakini kwa kawaida mtu mzima wa afya hapati homa hiyo kwa kunywa kwinini. Dawa hiyo huponya malaria kwa kuua vimelea vilivyomo katika damu, na vimelea hivyo havikujulikana hadi mwaka 1880, Alphonse Laveran alipoviona kwa hadubini nchini Algeria. Kosa la Hahnemann lilikuwa la zama zake. Kulirudia leo ni jambo jingine, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha dhidi ya kutegemea homeopathi kwa malaria, kifua kikuu, Virusi vya Ukimwi na kuhara kwa watoto wachanga. Mzazi wa Muheza au Kisumu hahitaji kuelezwa siku mbili za kuchelewa zina maana gani mtoto anapochemka.

Wako pia wanaopinga chanjo kwa jina lake. Kwa hakika aliisifu chanjo ya ndui ya Edward Jenner, akiihesabu kuwa mfano wa kanuni yake.

Wanaomwita tapeli nao wanakosea. Alikuwa daktari aliyesomea Leipzig, Vienna na Erlangen, akapinga hadharani desturi ya kuwatoa wagonjwa damu wakati wenzake wengi waliiona kuwa ndiyo tiba yenyewe. Naamini wagonjwa wake wengi walipata nafuu kwa sababu tu waliachwa wapumzike bila kutolewa damu.

Lakini dhana ninayoiona nzito kuliko zote ni kwamba wafuasi wa leo wanamfuata yeye kama alivyokuwa. Hahnemann aliagiza dawa moja kwa wakati mmoja, ilhali maduka yanauza vidonge vyenye mchanganyiko wa dawa sita au kumi. Kitabu chake kikuu, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1810, alikirekebisha mara kwa mara hadi uzeeni, na toleo la sita, alilolimaliza mwaka 1842 akiwa amebadili hata namna ya kuzimua dawa, lilikaa bila kuchapishwa hadi mwaka 1921. James Tyler Kent, Mmarekani ambaye vitabu vyake vimewafundisha watabibu wengi wa homeopathi kuliko pengine vya mwingine yeyote baada ya muasisi, alifariki mwaka 1916 bila kulisoma.