Mgongo wa Dereva na Kalamu ya Mwamuzi

Kijana aliingia chumba chetu cha fiziotherapia hapa Nakuru akitembea kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji: shingo wima, kiwiliwili kimekaza, macho mbele. Ni nevigeta, yule anayekaa kando ya dereva wa mbio akimsomea kona. Gari lao liliruka tuta upande wa Elmenteita likatua kwa tumbo. Dereva alitoka mzima. Yeye alikuwa ameinamia daftari lake, hakuona tuta likija, na pingili moja ya mgongo ikapondeka. (Mambo mengine yanayomhusu nimeyabadilisha ili asitambulike.) Kabla sijamwonyesha pa kukaa, akaanza: "Daktari, Nakajima alirudi kwa wiki sita. Mimi hii ni ya saba."

Mimi si daktari, ni fizio, ila nilishachoka kuwasahihisha watu. Na kijana alikuwa na haki, kwa kiasi chake. Mwishoni mwa Aprili 2015, kwenye mazoezi ya mvua huko Spa, Ubelgiji, Kazuki Nakajima wa Toyota aligonga nyuma ya gari la Audi na kuvunjika pingili ya mgongo. Katikati ya Juni mwaka huohuo alikuwa ndani ya gari tena, kwenye Saa 24 za Le Mans, mbio za magari za mchana na usiku huko Ufaransa. Hesabu, ni wiki sita na ushee.

Nikamuuliza kama anamjua Anthony Davidson. Hakumjua. Sikushangaa, kwa sababu anayetafuta ruhusa huokota mfano unaomfaa tu. Davidson naye alikuwa wa Toyota. Le Mans ya 2012 aligusana na Ferrari ya daraja la chini alipokuwa akiipita, gari likapaa hewani, likapinduka na kujibamiza kwenye ukuta wa matairi. Akavunjika pingili mbili, ya 11 na ya 12 za kifuani. Alirudi mashindanoni mwaka uliofuata, na mwaka 2014 yeye na Sébastien Buemi wakatwaa ubingwa wa dunia wa mbio ndefu. Timu ni ileile, jeraha limekaribiana, lakini muda wa kupona umeachana mbali.

Pingili hizo mbili si za bahati nasibu. Chukua nguzo ya ua uliyoizika ardhini, uisukume kwa nguvu upande wa juu. Itavunjikia pale inapotokea ardhini, pale sehemu iliyoshikiliwa inapokutana na isiyoshikiliwa. Mgongo nao uko hivyo. Pingili za juu zimefungwa na mbavu, hazichezi sana. Za kiunoni zina uhuru wa kuinama na kunyooka. Nguvu ikishuka ghafla kutoka juu, au kiti kikikupiga kutoka chini, mzigo wote unakutana kwenye mpaka huo. Mimi huuona mvunjiko huohuo kwa watu ambao hawajawahi kukaribia gari la mbio: aliyeanguka kutoka kwenye mparachichi Vihiga, fundi aliyeteleza jukwaani Kisumu, mama aliyekaa kiti cha nyuma kabisa cha matatu ikaruka tuta lisilo na alama.

Kinacholeta tofauti ya muda ni jinsi pingili ilivyovunjika. Ikipondeka upande wa mbele tu, ikawa kama kabari, mara nyingi imetulia, na mtu huanza kutembea mapema. Ukuta wake wa nyuma ukipasuka, vipande vinaweza kusogea kuelekea mishipa ya fahamu, na hapo hadithi ni nyingine kabisa. Picha ya eksirei ya kawaida inaweza isitoshe kuonyesha hilo, ndiyo maana tunaomba CT, picha inayoonyesha mfupa kipande kwa kipande. Mfupa wenyewe huchukua takriban wiki 6 hadi 12 kuungana. Shida ni kwamba maumivu huondoka mapema kuliko udhaifu. Wiki ya tano mgonjwa anajisikia mzima, na mimi ninajua misuli midogo inayoshika pingili moja na nyingine bado imelala.

Tena kupona kwa dereva wa mbio ndefu hakupimwi kwa kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni. Le Mans, dereva anaruhusiwa kuendesha hadi saa 4 ndani ya saa 6 zozote, na jumla ya saa 14 katika zile 24. Muda wote huo amelala nusu chali kwenye kiti kigumu, amefungwa mikanda, joto kali, shingo inavutwa huku na huko kila kona. Zaidi ya hayo lazima aweze kujitoa mwenyewe garini kwa sekunde chache moto ukizuka. Mgongo usioweza kujipinda upesi kupita kwenye kile kimlango cha gari haujapona, hata picha iwe safi namna gani.

Sasa niseme lililonifanya niandike makala haya, maana kijana yule hakuwa akiuliza swali la mfupa. Alikuwa akiuliza nani atatia sahihi kwamba arudi mbioni.

Kwenye mbio ndefu za magari, maamuzi yanayozua kelele kubwa ni ya watu wasioendesha chochote. Mei 2024, Spa hiyohiyo, Cadillac ya Earl Bamber iligongana vibaya na BMW kwenye mstari mrefu, ikaharibu ukuta wa chuma. Bendera nyekundu, ile ya kusimamisha mbio, ikapandishwa na magari yakasimama muda mrefu, ukuta ukitengenezwa. Muda uliopangwa ukafika mbio zikiwa bado zimesimama. Waamuzi wakaamua kurudisha muda uliopotea na kuendelea jioni. Ferrari waliokuwa wakiongoza walijikuta nyuma, kwa sababu Porsche ya timu ya Jota ilikuwa imeshaingia kujaza mafuta kabla ya bendera, na hiyo ndiyo iliyoshinda. Ferrari wakalalamika rasmi, lalamiko likatupwa. Mashabiki bado wanabishana. Kwangu, swali la nani alistahili kombe ni la wenyewe. Ninachokitazama ni kwamba hakuna aliyethubutu kusema magari yaendelee kupita penye ukuta uliobomoka.

Mwezi uliofuata, usiku wa Le Mans, mvua ilinyesha na gari la usalama, lile linalotangulia ili wote waende polepole bila kupitana, likaongoza msafara kwa zaidi ya saa nne. Nilikuwa macho nikitazama kwenye simu. Watu walilalama kwamba wamelipia mbio wakaonyeshwa maandamano ya harusi. Ndiyo, ilichosha. Lakini dereva wa Le Mans huingia mstari mrefu kwa mwendo unaopita kilomita 300 kwa saa, na maji yakitanda barabarani tairi huacha kugusa lami. Nimeshika migongo mingi mno kiasi cha kutoona ubaya wa usiku mmoja wa kuchosha.

Usidhani waamuzi huwa wanasimamisha kila mara. Juni 1955, Mercedes ya Pierre Levegh iliruka ikaingia kwa watazamaji Le Mans, na zaidi ya watu 80 wakafa. Mbio ziliendelea hadi mwisho. Sababu iliyotolewa ni kwamba umati ukiondoka kwa pamoja utaziba barabara na ambulensi hazitapita. Mercedes waliyaondoa magari yao usiku ule wakiwa wanaongoza. Wapo wanaoitetea ile hoja ya ambulensi mpaka leo, na mimi, niliyewahi kukaa kwenye ambulensi iliyokwama katikati ya foleni ya watazamaji Naivasha wiki ya Safari Rally, siwezi kuicheka.

Huko kwenye mbio nako kuna jambo la kujifunza kuhusu kumtoa majeruhi. Tazama wasimamizi wa njia gari likigonga sana: wanazima moto, wanamsemesha dereva, na kama hakuna moto wala moshi hawamvuti. Wanangoja kikosi cha uokoaji. Mmoja anakishika kichwa kwa mikono miwili na hakiachi hadi mwisho, mwingine anahesabu, wote wanainua kwa pamoja. Magari mengi ya GT, yale ya mbio yenye umbo la magari ya barabarani, yana hata kifuniko cha dharura kwenye paa ili dereva aweze kutolewa bila kukunjwa. Shughuli hiyo ni ya polepole, ndiyo sababu moja bendera nyekundu huchukua muda na watu huona waamuzi wanazembea.

Linganisha na Salgaa, au ule mteremko wa Sachangwan, kwenye barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Trela imeacha barabara, taniboi, msaidizi wa dereva, yuko ndani anaugulia maumivu. Wasamaria wema, na kweli ni wema, wanamshika mmoja makwapani na mwingine miguuni, wanamkunja kama godoro na kumtupia nyuma ya Probox, gari dogo la mizigo. Pingili iliyokuwa imevunjika bila kugusa mishipa inaweza kuigusa hapo. Kama gari haliwaki, halivuji mafuta wala haliko njiani mwa magari mengine, mwache alipo. Mtu mmoja apige magoti, amshike kichwa kisigeuke, aendelee kumsemesha. Muulize kama anahisi vidole vya miguu na kama anaweza kuvichezesha, umweleze atakayekuja na ambulensi. Kama lazima ahamishwe, watu wanne au watano wamgeuze kama gogo, kichwa, mabega na nyonga vikienda pamoja, awekwe kwenye ubao au mlango uliong'olewa.

Kichwa nacho kina mambo yake, na hapa sina subira. Mtikisiko wa ubongo hauhitaji mtu azimie, na picha ya CT inaweza kutoka safi kabisa. Mtu anaumwa kichwa, mwanga unamkera, anauliza swali lilelile mara tatu, anakosa usingizi, anakasirika ovyo. Siku moja au mbili za kwanza apunguze shughuli na apumzishe macho na simu. Kisha anarudi hatua kwa hatua, kila hatua isipungue saa 24, na dalili zikizidi anashuka hatua moja. Asiendeshe gari wala bodaboda hadi aruhusiwe. Akitapika mara kwa mara, akisinzia asiamshike vizuri, akipata degedege, mkono ukilegea au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, hapo ni hospitali sasa hivi, usingoje kupambazuke.

Ubongo uliotikiswa haufai kujipima wenyewe. Ndiyo sababu mashindano makubwa hayamwulizi dereva kama yuko sawa, maana jibu lake linajulikana. Daktari wa mashindano, ambaye halipwi na timu, ndiye mwenye neno la mwisho. Kwetu, taniboi huulizwa na tajiri wa lori, na mwenye bodaboda ya mkopo hujiuliza mwenyewe huku akihesabu malipo ya siku.

Nilimweleza kijana habari za Robert Kubica. Februari 2011, kwenye rali ndogo Italia, ukingo wa chuma uliingia ndani ya gari lake na karibu umkate mkono wa kulia. Alifanyiwa upasuaji mara nyingi, na mkono haukurudi kuwa ule wa zamani. Alijifunza upya kushika usukani kwa namna yake. Juni 2025, yeye, Yifei Ye na Phil Hanson walishinda Le Mans kwa Ferrari. Ni miaka 14 na miezi kadhaa. "Huyo ni wa Formula One," kijana akanijibu, kama kwamba mifupa ya huko ni ya aina nyingine.

Hakurudi wiki mbili. Aliporudi alikuwa na karatasi yenye mhuri wa zahanati moja ya mjini, nitaiacha bila jina, ikisema yuko fiti kushindana. Nikamuuliza aliyeandika alimgusa wapi. Akatabasamu kidogo. Hakumgusa popote, alimwangalia tu akiwa amekaa kwenye benchi, wakalipana.

Nikamwomba avue fulana, asimame akiangalia ukuta. Nikateremsha kidole gumba pingili baada ya pingili, taratibu, hadi pale mpakani. Hakusema kitu, ila bega lake la kushoto liliruka. Nikamwambia akae sakafuni, miguu mbele, kama alivyokaa garini, kisha ainuke upesi bila kutumia mikono. Alijaribu mara mbili. Mara ya tatu alishika mguu wa meza yangu.

Akaikunja ile karatasi yenye mhuri, akaitia mfukoni. "Basi tuanze na yale mazoezi ya tumbo," akasema.