Sifa ya rel kwenye kiungo: maana yake na jinsi ya kuikagua

Unapobofya kiungo kwenye tovuti, unachokiona ni maneno tu. Nyuma ya maneno hayo, katika HTML, yaani lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, kuna sifa kadhaa. href hubeba anwani unakopelekwa, target husema kama ukurasa ufunguke kwenye kichupo kipya, na rel hueleza uhusiano wa ukurasa uliopo na ule unaokwenda. Hii ya tatu ndiyo huwachanganya wengi, kwa kuwa imebeba mambo mawili yasiyohusiana: taarifa kwa injini za utafutaji na maagizo kwa kivinjari chako.

Google ilijengwa juu ya wazo kwamba tovuti inayoelekezewa kiungo imepigiwa kura. Haukupita muda, wajanja wakaanza kujipigia kura wenyewe, wakimwaga viungo vya dawa na kamari popote paliporuhusiwa maoni ya wasomaji. Januari 2005 Google, Yahoo na MSN zikatangaza kwamba zitatambua nofollow, neno linaloandikwa ndani ya rel. Kiungo kinabaki na msomaji anaweza kukifuata, ila mwenye tovuti hakidhamini. Septemba 2019 Google ikaongeza sponsored kwa viungo vilivyolipiwa na ugc kwa vile vinavyowekwa na watumiaji, ikasema pia kwamba zote tatu itazichukua kama dokezo, si amri. Kwa hiyo usiyetaka ukurasa wako utokee kwenye matokeo ya Google, usitegemee nofollow. Weka noindex, agizo la kuziambia injini za utafutaji zisiuorodheshe, kwenye ukurasa wenyewe.

Na ile “dofollow” inayotajwa sana na wauza viungo? Haipo. Kiungo kisicho na nofollow, sponsored wala ugc ni kiungo cha kawaida, basi. Akikuuzia mtu “dofollow”, anachouza ni kiungo cha kulipia ambacho hakikutiwa alama, na hilo Google inalikataza.

Upande wa usalama, neno la kulijua ni noopener. Zamani, kiungo chenye target="_blank" kilipofungua kichupo kipya, ukurasa huo mpya uliweza kuugusa ule uliokifungua kupitia window.opener, hata kuubadilishia anwani. Ukirudi kwenye kichupo cha kwanza ulichokiacha kikiwa na akaunti yako ya benki, unakuta ukurasa unaofanana nao ukikuomba nywila upya. Nani angeshuku kichupo alichokifungua kwa mkono wake? noopener hukata uhusiano huo. Safari, kisha Firefox 79 mwaka 2020 na Chrome 88 mwaka 2021, vimeanza kuukata vyenyewe kwa viungo vya _blank, lakini bado kuna watu wenye simu ambazo vivinjari vyao havijasasishwa miaka mingi. Kuliandika hakugharimu kitu.

Mwenzake noreferrer hukata uhusiano huohuo, na juu yake humzuia kivinjari kuiambia tovuti ya pili umetokea wapi. Haishushi nafasi yako Google, ingawa wengi huiogopa kwa sababu hiyo. Athari yake huonekana kwenye takwimu: tovuti uliyoielekezea wasomaji haitajua wametoka kwako. Kama unalipwa kwa kupeleka wateja, muulize kwanza anayekulipa anawahesabu vipi.

Kukagua ni rahisi ukiwa kwenye kompyuta. Bofya kiungo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Kagua, kisha usome mstari unaoanza na <a. Mimi huanza na href kabla ya kitu kingine, kwa sababu maneno yanaweza kuonyesha anwani ya benki na href ikakupeleka kwingine kabisa, na hakuna rel itakayokuokoa hapo. Ndipo nasoma rel. Tangazo la kulipiwa lisilo na sponsored wala nofollow lina kasoro. Viungo vya ndani ya tovuti yako vyenye nofollow navyo viondolee. Huna sababu ya kukataa kuzidhamini kurasa zako mwenyewe.

Jambo moja la kuangalia: kukagua kwa njia hii huonyesha ukurasa baada ya JavaScript kuugusa, wakati Ctrl+U huonyesha HTML jinsi ilivyotoka kwenye seva. Kiungo kikiwa na nofollow kwenye Kagua lakini si kwenye Ctrl+U, kuna programu-jalizi au hati ya JavaScript iliyoiongeza njiani, na marekebisho yaanzie hapo.