Printa Haionekani kwenye Simu? Angalia Kwanza Uko Mtandao Gani

Mhadhiri mmoja aliingia ofisini kwetu, kitengo cha Tehama, akiwa na simu mkononi na uchovu usoni. "Bwana fundi, nimefuta draiva nikaiweka tena mara tatu. Printa yenu mimi naiona kwa macho, simu haiioni." Nikamwomba simu. Juu kabisa kwenye kioo, karibu na saa, palikuwa na alama ndogo ya ufunguo. VPN, programu inayopitisha mawasiliano ya simu kwenye kompyuta ya mbali, ilikuwa inawaka. Tukaizima, tukafungua tena orodha ya printa, na jina la printa likajitokeza. Alikuwa anataka kuchapa mtihani, na alishafikiria kupanda boda hadi Wandegeya, hapa Kampala, kuutuma kwa WhatsApp kwenye simu ya mtu asiyemjua ili amchapie.

Hilo la mwisho ndilo lililoniuma, na ndilo linaloniandikisha haya. Printa isiyoonekana mara nyingi haina ubovu wowote. Haijasikia tu ikiitwa.

Draiva ni programu inayoiwezesha kompyuta au simu kuongea na printa. Ile ya kawaida hufungwa kwa printa moja: ukihama ofisi, unaanza upya. Kwa watu wanaozunguka zimetengenezwa draiva za aina nyingine, zinazotafuta printa popote mtu alipofika. Kwenye kompyuta kuna Xerox Mobile Express Driver na HP Universal Print Driver. Hiyo ya Xerox hufanya kazi hata na printa za kampuni nyingine, mradi zinaelewa PostScript, lugha ya kuielezea printa ukurasa wa kuchapa. Kwenye simu, iPhone zina mfumo wao wa kuchapa, AirPrint, tangu 2010, na simu nyingi za Android hutumia mfumo wa Mopria, muungano ulioanzishwa mwaka 2013 na Canon, HP, Samsung na Xerox.

Simu inatafutaje? Inapiga hodi. Inatuma ujumbe mfupi kwa kila kifaa kilicho kwenye mtandao wake, kupitia anwani ya pamoja 224.0.0.251: nani hapa ni printa? Printa ikisikia inaitikia kwa jina lake, inataja kama ina rangi na kama inachapa pande mbili, kisha kazi yenyewe inapelekwa kupitia mlango wa mtandao (port) namba 631. Draiva za kompyuta zina njia zao za kuuliza, lakini tabia ni hiyo hiyo. La kushika ni kwamba hodi hiyo imeundwa isivuke ruta, kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine. Ukibisha nyumba ya jirani, wa nyumba hii hataitika.

Ndiyo maana VPN inasumbua sana hapa kwetu. Watu wengi Uganda waliizoea wakati wa ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, iliyoanza Julai 2018, na wakaishikilia zaidi Facebook ilipofungwa Januari 2021. Wengi wameiacha ikiwaka usiku na mchana hadi wamesahau kama ipo. VPN huchukua mawasiliano ya simu na kuyapitisha kwenye njia yake hadi seva ya mbali. Printa iliyo hatua mbili kutoka kwako inabaki nje ya njia hiyo. Izime, chapa, uiwashe tena. Baadhi ya programu za VPN zina kitufe cha kuruhusu mtandao wa ndani, nawe ukikipata kiwashe, utasahau tatizo hili.

Chanzo cha pili ni Wi-Fi ya wageni. Ofisi na hoteli nyingi huitenga makusudi ili mgeni asifikie vifaa vya ndani, na hilo ni jambo jema. Omba mtandao ambao printa ipo. Usihangaike na draiva. Hakikisha pia simu haijahamia data ya laini yako kimyakimya, maana hapo umeshatoka nyumbani kabisa.

Kama umekagua hayo yote na bado kimya, nenda kwenye printa yenyewe. Kwenye kioo chake, upande wa mtandao, soma anwani ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao, au chapa ukurasa wa mipangilio. Tuseme inasoma 192.168.1.45. Tazama ya simu yako. Katika mitandao mingi midogo, mafungu matatu ya kwanza yakifanana mko pamoja. Yakitofautiana, labda printa iko ghorofa nyingine yenye mtandao wake. Hapo iandike anwani hiyo kwa mkono kwenye sehemu ya kuongeza printa, na kama msimamizi wa mtandao ameruhusu njia kati ya mitandao hiyo miwili, itapatikana. Ukikuta anwani inaanza na 169.254, printa haikupewa anwani na ruta. Izime, iwashe, kagua waya au nenosiri la Wi-Fi.

Umeme nao una mkono wake. Ukikatika na kurudi, ruta inaweza kugawa anwani upya, printa ikapata 51 badala ya 45, na kompyuta zote zikaendelea kubisha kwenye mlango wa zamani. Ofisi nzima inalalamika printa imekufa! Mwombe anayeshughulikia ruta aitengee printa anwani ya kudumu. Ni kazi ya dakika chache.

Mahali pasipo na ruta kabisa, tafuta Wi-Fi Direct. Printa nyingi za sasa hurusha mtandao wao wenyewe, jina lake likianza na DIRECT, na nenosiri lake hupatikana kwenye kioo cha printa. Pakua waraka wako kwanza, kwa sababu ukijiunga hapo simu inaweza kukosa intaneti hadi utakapotoka.

Na ukichapa kwenye printa ya watu wengi kitu chenye namba ya kitambulisho, majibu ya hospitali au mtihani, chagua kuchapa kwa PIN kama draiva inakupa nafasi hiyo. Karatasi haitatoka mpaka usimame mbele ya printa ukaibonyeza namba yako. Yule mhadhiri ndivyo tulivyomwekea, na mtihani wake aliuchukua ukiwa bado na joto.