Je, wajua kwa nini jaji wa Marekani anaweza kukaa kazini mpaka afikishe miaka 104?

Januari 2012, huko Wichita jimbo la Kansas, alifariki mzee Wesley Brown akiwa na miaka 104, na cha kushangaza sio umri, cha kushangaza ni kwamba amekufa bado jaji wa shirikisho, yaani wa mahakama za serikali kuu, sio za jimbo. Miaka ile ya mwisho alikuwa anaendesha kesi ana mrija wa oksijeni puani, wakili anaongea, mzee anasikiliza anaandika. Kazi yenyewe alipewa na Kennedy mwaka 1962! Hebu fikiria, Kennedy kauawa 1963, wakapita marais wengine tisa mpaka Obama, yeye yupo tu.

Kenya jaji akigonga 70 anaenda nyumbani, katiba imeshasema, hakuna mjadala. Sasa wenzetu inakuwaje?

Jibu liko kwenye ugomvi wao na mfalme wa Uingereza. Uingereza kwenyewe, tangu sheria ya mwaka 1701, jaji alikuwa hawezi kufukuzwa hivihivi kisa mfalme kaamka vibaya, ila makoloni ya Marekani hawakupewa raha hiyo, jaji wa kule alikuwa anakaa kwa hisani ya mfalme tu, ukimuudhi unatoka. Ndo maana kwenye tangazo lao la uhuru la 1776, katikati ya malalamiko kibao, lipo na hilo, kwamba mfalme George wa Tatu amewafanya majaji wamtegemee yeye kwa kazi na kwa mshahara. Walipokaa kuandika katiba 1787 wakaziba yote mawili kwa mpigo: jaji wa shirikisho atakaa kazini maadamu ana mwenendo mzuri, na mshahara wake haupunguzwi akiwa bado kazini. Umri wa kustaafu hawakuuweka kabisa. Mimi naona hilo la mshahara ndo lina akili zaidi, maana mtu huna haja ya kumfukuza kama unaweza kumlaza njaa.

Na kumng'oa sio kazi ndogo. Bunge la Wawakilishi limshtaki kwanza, halafu Seneti imhukumu kwa theluthi mbili. Tangu nchi ianze, majaji waliong'olewa hivyo ni 8 tu. Wa kwanza alikuwa John Pickering mwaka 1804, yeye alikuwa mlevi na akili zimeshamruka. Kuna mwingine Harry Claiborne, huyu alifungwa kwa mambo ya kodi, akakataa kujiuzulu, akawa yuko jela kabisa na mshahara wa ujaji unaingia kama kawaida mpaka Seneti ilipomtoa 1986. Alcee Hastings ndo kiboko, alitolewa 1989 kwa kesi ya rushwa, af 1993 akaingia kama mbunge kwenye bunge lilelile lililomshtaki!

Turudi kwa mzee Brown. Watu wengi hawajui kwamba jaji wao akifika 65 na ana miaka 15 ya kazi anaruhusiwa kuondoka na mshahara wake wote mpaka afe. Au anachagua njia ya kati: anaachia kiti ili rais ateue mtu mwingine, ila yeye anaendelea kusikiliza kesi, chache kidogo. Brown alichagua hii ya kati mwaka 1979. Kwa hiyo ile miaka 32 na ushee iliyofuata alikuwa anaamka kwenda mahakamani wakati angeweza kukaa kwenye kiti chake cha uvivu na hela ingekuwa ileile. Alikuwa anawaambia mawakili wenye kesi ndefu kwamba kwa umri wake hata ndizi mbichi hanunui, kwa maana huenda asiwepo zikiiva (Mchaga hapo angemshangaa, mbichi ndo za kupika). Akiwa na 103 akaacha mwenyewe kupokea kesi mpya za jinai.

Shida ni kwamba sio kila mzee anajipima hivyo. Jaji Pauline Newman, mzaliwa wa 1927, aliyeteuliwa na rais Reagan, mwaka 2023 majaji wenzake walitaka apimwe afya kuona kama bado anaiweza kazi, akagoma, wakamsimamisha asipangiwe kesi kwa mwaka mzima, kisha wakaongeza tena. Naye akawapeleka mahakamani wenzake haohao. Ila mshahara hawakuugusa, na cheo hawakuweza kumvua, maana kumng'oa jaji ni mpaka Bunge la Wawakilishi limshtaki na Seneti imhukumu.