Ukoko si ukoo

Kuvu ya ukoko ni kuvu inayotanda juu ya mti uliokufa kama ngozi nyembamba, bila shina wala kofia, na hutoa spora zake, yaani chembe ndogo za kuzalia, kwenye uso huohuo tunaouona. Ningeishia hapo. Lakini juzi tena, kwenye kimsitu cha upande wa Kabare, si mbali na Bukavu, kijana mmoja alipindua gogo la mkaratusi, akaona doa jeupe, akatuambia: "Huu ni uyoga ambao haujakomaa." Mwenzake akakataa: "Hapana, ni ukungu." Wa tatu, aliyesoma biolojia, akawasahihisha wote wawili: "Hiyo ni familia ya ukoko."

Nianze na ukungu, maana ndio mwepesi. Kwetu neno hilo lina kazi mbili: ule unaopanda asubuhi kutoka Ziwa Kivu, na ule unaoota kwenye mkate uliosahauliwa. Ukungu wa mkate una manyoya, ukiupangusa unatoka. Ukoko haupanguswi. Tuliukwaruza ule wa kwenye gogo kwa ncha ya kisu, ukabanduka pamoja na vipande vya mti, kama wali ulioshika chini ya sufuria. Katikati ulikuwa umepasukapasuka kama tope la kiangazi. Pembeni kulikuwa na nyuzi nyeupe, laini kama pamba, zikitambaa kwenda mbele juu ya gome. Nyuzi hizo ndizo mwili wenyewe wa kuvu, na nyingine nyingi zaidi zimo ndani ya gogo, zinakula.

"Haujakomaa" ndilo kosa linaloniuma zaidi, kwa sababu linaifanya kuvu nzima ionekane kama uyoga ulioshindwa kukua. Wataalamu huieleza hali hii kwa neno la Kilatini, resupinatus, yaani aliyelazwa chali. Ni neno la kutafakari. Uyoga tunaoujua husimama, na uso wake wa kuzalia, ule wenye vikunjo kama kurasa za kitabu, hutazama ardhi kutoka chini ya kofia. Ukoko umeegemeza mgongo wake kwenye gogo na kuuelekeza uso wa kuzalia nje. Hata ukiota upande wa chini wa gogo, ukitazama udongo, bado umelala chali, kwa kuwa mgongo wake uko kwenye mti. Kofia ya nini, wakati gogo lenyewe linaukinga na mvua? Ule uliokuwa mbele yetu ulikuwa umekomaa, na huenda ulikuwa unarusha spora wakati uleule tulipokuwa tukisema haujakomaa.

Sasa hiyo familia. Christiaan Hendrik Persoon, mtaalamu wa kuvu, mzaliwa wa Rasi ya Tumaini Jema aliyefia Paris mwaka 1836, ndiye aliyelipa kundi moja la kuvu jina Corticium mwaka 1794, kutoka neno cortex, yaani gome. Kwa muda mrefu baada yake, kuvu nyingi zilizotanda na kuwa na uso laini zilitiwa humo au jirani na humo, kana kwamba waliolala chali wote ni wa baba mmoja. Hadubini, na baadaye vipimo vya DNA, vikaonyesha mambo mengine kabisa. Stereum, ukoko unaoonekana sana kwenye matawi yaliyokufa, uko katika oda moja, yaani kundi kubwa linalokusanya familia kadhaa, na Lactarius, uyoga unaotoa maziwa ukiuvunja, ambao jamaa zetu wa Lubumbashi huula msimu wa mvua. Phanerochaete, ukoko mwingine, ina undugu na zile kuvu ngumu zenye vitundu, zinazojitokeza kwenye mashina kama vibao vya kabati. Tomentella, ukoko wa tatu, ndiyo inayonishangaza kuliko zote: chakula chake inakipata kwenye mizizi ya miti iliyo hai, kwa kubadilishana nayo, na gogo bovu kwake ni kitanda tu. Kuvu hizo tatu zinaweza kufanana kwa macho kama watoto wa nyumba moja, kumbe kila moja imetoka mbali. Herufi moja ndiyo inayotenganisha ukoko na ukoo, lakini ukoko ni mkao, ukoo ni damu.

Ndiyo maana rangi peke yake haikupi jina. Tazama kwa kioo cha kukuzia kama uso ni laini, una chunusi, meno au vitundu. Angalia kama ukingo umeshikamana au unainuka, na ni mti gani. Ukikwaruza ukakuta tabaka la kijani ndani, hiyo ni kuvumwani, inaishi pamoja na mwani na haiozeshi gogo. Tone la potasi kali litageuza jamaa za Hymenochaete, kundi jingine la ukoko, kuwa nyeusi. Baada ya hapo, mara nyingi inabaki hadubini, kupima spora na kutazama nyuzi zilivyoungana.

Yule wa biolojia nilimwambia taratibu kwamba "familia" ndiyo aiache, maneno mengine yako sawa. Aseme "kuvu iliyotanda ukoko", na jina la ukoo alingoje hadi atakapokata kipande na kukitazama. Aliandika hivyo kwenye bahasha ya karatasi, akatia kipande chake na ganda la mkaratusi, kisha tukalirudisha gogo lilivyokuwa, ukoko ukitazama udongo.